Katogo ya matumbo kwa asubuhi ya baridi: hatua kwa hatua

Kila ikifika Juni, baridi inapoanza kuuma hapa Kabale, maswali ni yale yale. Kijana aliyehamishiwa huku kikazi anagonga mlango, sufuria mkononi: "Mama, matumbo yamekuwa kama mpira, nifanyeje?" Wiki inayofuata ni mwingine, matoke yake yamekuwa meusi. Wa tatu amekoroga mpaka chakula chote kimegeuka uji. Nimewajibu mmoja mmoja kwa miaka, mlangoni na kwa simu. Sasa nayaandika yote mahali pamoja.

Katogo ni chakula cha sufuria moja. Matoke na kitoweo vinaivia pamoja, mchuzi wa kitoweo unaingia ndani ya ndizi. Ndugu zetu wa Bukoba wanaijua kwa jina hilo hilo. Huku Uganda watu wengi huila asubuhi, na chai pembeni. Kitoweo kinaweza kuwa maharage, njugu au nyama, lakini kukiwa na baridi sijaona inayoishinda ya matumbo, au byenda kama wanavyosema sokoni. Mchuzi wake ni mzito, unanata midomoni, na sahani moja ya saa moja asubuhi inakufikisha mchana bila kuulizia chakula.

Ukishika jambo moja tu katika mwongozo huu, shika hili: matumbo yaive kwanza, yaive kabisa, ndipo matoke yaingie. Karibu kila katogo iliyoharibika niliyoletewa iliharibikia hapo. Mtu anatia vyote pamoja kwa sababu ameambiwa ni chakula cha sufuria moja. Baada ya dakika arobaini matoke yameiva na matumbo bado magumu. Akiendelea kuchemsha, matoke yanavurugika. Akiepua, anatafuna mpira. Hapo hakuna njia ya kutoka.

Kwa nini Kabale vitu vinachelewa kuiva

Mimi nimekulia kambi ya polisi Jinja, ndiko Kiswahili changu kilikotoka, na ndiko nilikojifunza kupika. Jinja nilikuwa nikiyaweka matumbo motoni kwa muda wa saa mbili, yameiva. Nilipohamia huku nikahesabu saa zile zile. Wageni wamekaa, matoke yameshaingia, natia uma kwenye kipande cha utumbo, kinaurudisha uma. Niliona aibu sana siku ile, kwa sababu nilijua nimefuata kila kitu nilichofundishwa.

Sababu ni mwinuko. Kabale iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kadiri unavyopanda ndivyo maji yanavyochemka mapema. Huku kwetu yanachemka yakiwa kwenye nyuzi kama 93 tu, wakati Kampala ni karibu 96. Sufuria inatokota, mvuke unatoka, lakini joto lililomo ndani ni dogo. Kuchochea makaa hakusaidii: maji yakishachemka hayapandi joto tena, yanakauka haraka tu. Dawa ni kuongeza muda, kufunika vizuri, au kutumia sufuria ya presha. Muda ninaoutaja hapa chini ni wa Kabale na milima jirani. Ukiwa Kampala, Busia au Arua, anza kuonja mapema zaidi.

Vinavyohitajika (watu watano)

- Matumbo ya ng'ombe, kilo 1. Omba mchanganyiko: lile lenye manyoya kama taulo, lile lenye kurasa kama kitabu, na utumbo mwembamba kidogo. Taulo peke yake halina ladha ya kutosha. Utumbo mwembamba peke yake una mafuta kupita kiasi.
- Matoke mabichi, vidole 15 hadi 18 vya ukubwa wa kawaida.
- Vitunguu maji 2 vikubwa.
- Nyanya 4 zilizoiva vizuri.
- Karoti 1 na pilipili hoho 1.
- Kitunguu saumu punje 4, na tangawizi kipande cha ukubwa wa kidole gumba.
- Binzari kijiko 1 cha chai. Isizidi hapo, hutaki katogo yenye ladha ya dawa.
- Ndimu 2, chumvi, mafuta ya kupikia vijiko 3 vikubwa.
- Ntula (nyanya chungu) tano sita ukizipenda. Mimi nazipenda, uchungu wake mdogo unakata mafuta.
- Majani ya mgomba mawili ya kufunikia.

Vyombo: sufuria kubwa nzito yenye mfuniko unaokaa sawasawa, beseni mbili, kisu kikali, na sigiri iliyojaa makaa. Sufuria nyepesi za bati hushika chini haraka sana. Kama ni hiyo tu uliyo nayo, makaa yawe machache.

Kuchagua matoke

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu wanapoteza fedha zao hapa kabla hata ya kuwasha moto.

Kuna ndizi za kupika na kuna ndizi za pombe, na zikiwa mbichi zinafanana. Za pombe, wanaoziita mbidde, ni chungu, na hakuna kiungo kinachoondoa uchungu ule. Mgeni akikuta chane la bei nafuu ajabu, anafurahi, anabeba. Jioni ananiuliza kwa nini katogo yake inakausha ulimi. Uliza kabisa: "Haya ni ya kupika?" Ukiwa na shaka, mwombe muuzaji akate kidole kimoja katikati. Mbidde ikikatwa huonyesha vidoa vya utomvu wa kahawia ndani ya nyama yake, na ukigusisha ulimi unaikunja sura hapo hapo. Ndizi ya kupika ni safi ndani. Ukisikia majina Kibuzi, Nakitembe, Mpologoma au Mbwazirume, uko salama, zote hizo ni za kupika.

La pili ni ukomavu. Kidole kichanga kina kona kali, ukikizungusha mkononi unazihisi kama kingo za penseli, na ndani ni cheupe. Kilichokomaa kimejaa, kona zimelala, na nyama yake inaelekea rangi ya maziwa yenye siagi. Vichanga vinaiva, lakini vinabaki na ugumu wa ajabu na mchuzi hauingii ndani.

La tatu, usinunue yaliyoanza kugeuka njano. Kidole kimoja cha njano kinatia utamu sufuria nzima.

Mama mmoja ninayenunua kwake sokoni ana namna yake: anashika kidole, anakivunja kutoka kwenye chane kwa mkono mmoja na kuniwekea ncha mbele ya macho. Utomvu ukitiririka mweupe na mwingi, mkungu umekatwa jana au juzi. Ukitoka kidogo na mzito, umekaa sana na karibu unageuka. Tangu anionyeshe hilo sijarudi nyumbani na matoke yaliyokaa.

Sehemu ya kwanza: jioni

Ninagawa kazi mara mbili, na nakushauri ufanye hivyo. Matumbo yanataka saa tatu, na hakuna anayetaka kuamka saa tisa usiku kwenye baridi ya nyuzi 10. Yasafishe na kuyachemsha jioni, yaweke kwenye friji na supu yake, asubuhi imebaki kazi ya kama saa moja na nusu. Kama huna friji, usiyalaze. Nunua asubuhi, pika siku hiyo hiyo, mle mchana au jioni.

1. Kagua na kata uchafu. Yamwage matumbo kwenye beseni ya kwanza. Ng'oa mafuta ya njano yanayoning'inia, acha kidogo tu kwa ajili ya ladha. Kama kuna sehemu imepata rangi ya kijani kibichi iliyokolea na inanuka uchungu, hiyo imeguswa na nyongo. Ikate uitupe, ukiiacha, kilo nzima itakuwa chungu.

2. Geuza utumbo mwembamba. Tumia kijiti kisafi chenye ncha butu: sukuma ncha moja ndani mpaka itokee upande wa pili, kama unavyogeuza soksi. Kisha mwagia maji ukikamua kwa vidole kutoka juu kwenda chini. Rudia mpaka maji yatoke meupe. Kitabu nacho kifungue ukurasa kwa ukurasa, uchafu wa majani hujificha katikati. Hii ndiyo kazi inayochosha kuliko zote, na ndiyo watu wanayoiruka.

3. Kwangua taulo. Chukua maji ya moto yasiyochemka, ambayo mkono unayaogopa lakini hayatokoti. Zamisha taulo dakika moja, toa, kwangua kwa mgongo wa kisu. Utando wa kijivu utatoka kwa mikunjo. Ukilizamisha kwenye maji yanayochemka kabisa, utando unashikamana na nyama na hautatoka tena hata ukikwangua mpaka kesho. Kama haukutoka mara ya kwanza, zamisha tena dakika moja, usiongeze moto.

4. Sugua kwa chumvi na ndimu. Konzi moja ya chumvi, ndimu moja na nusu. Sugua kama unafua kola ya shati, acha dakika kumi, suuza kwa maji baridi mara tatu. Nusu ya ndimu iliyobaki itunze kwa ajili ya matoke. Usitumie sabuni. Naandika hivi kwa sababu nimeshaona mtu akitumia, na matumbo yale yalitupwa yote.

5. Chemsha mara ya kwanza, mwaga maji. Matumbo yakiwa mazima bado, yafunike kwa maji, yachemke dakika 15 bila mfuniko. Povu la kijivu litapanda. Mwaga maji yote, suuza matumbo na uoshe sufuria pia. Anayeruka hatua hii ndiye anayekuja kuniuliza kwa nini nyumba inanuka.

6. Kata na chemsha mara ya pili. Kata vipande vya ukubwa wa vidole viwili vilivyolala pamoja. Vitasinyaa, usikate vidogo. Rudisha sufuriani na maji safi yanayopita juu ya matumbo kwa vidole vinne, kitunguu kimoja kilichokatwa mara nne, na nusu ya tangawizi. Chumvi bado. Funika. Yakichemka punguza makaa, yatokote polepole saa mbili na nusu hadi tatu, ukiongeza maji ya moto yakipungua. Maji baridi yanakata moto na kukurudisha nyuma. Kwa sufuria ya presha, dakika 45 tangu ianze kupiga filimbi zinatosha.

7. Pima. Toa kipande cha taulo, kibane kati ya kidole gumba na cha shahada. Kucha ikiingia bila kulazimisha, yameiva. Ikidunda, bado. Usihamie hatua nyingine kwa sababu umechoka au kwa sababu saa inasema. Kidole ndicho kinachosema.

Supu iliyobaki usiimwage. Unataka kama vikombe vinne. Hiyo ndiyo katogo yenyewe.

Nataka niseme nawe hapa kuhusu sigiri, maana ni jioni na nje kuna baridi. Kila msimu wa baridi kuna mtu anamaliza kupika, anaona makaa bado mekundu, anaingiza sigiri chumbani apate joto, anafunga dirisha na kulala. Makaa yanatoa hewa yenye sumu isiyo na harufu wala rangi, na inaua mtu usingizini. Usifanye hivyo, hata kwa dakika chache, hata kama mtoto ana baridi. Pikia nje au jikoni penye upenyo, zima makaa kabisa ukimaliza, na kitandani ongeza blanketi.

Sehemu ya pili: asubuhi

8. Menya matoke. Paka mafuta ya kupikia viganjani na kwenye kisu kabla ya kuanza. Utomvu ukikauka mikononi unakaa siku nzima, na ukidondokea nguo hautoki kabisa. Vaa nguo kuukuu. Kata ncha mbili, pasua ganda kwa urefu, menya kwa kisu ukihakikisha hakuna kijani kinachobaki. Kila kidole kikishamenywa kiingie mara moja kwenye beseni ya maji uliyokamulia ile nusu ndimu. Usirundike mezani ukisema utayaosha yote mwishoni. Hewa ndiyo inayoyatia weusi. Vidole vidogo viache vizima, vikubwa kata mara mbili.

9. Pasha matumbo na supu yake. Weka pembeni yachemke vizuri dakika kumi. Yakitoka kwenye friji yatakuwa yameganda kama jeli. Hiyo ni dalili njema, supu yako ina uzito.

10. Unga. Katika sufuria kubwa, mafuta vijiko 3, kitunguu cha pili kilichokatwa vyembamba. Kikaange kiwe na rangi ya dhahabu, siyo kahawia. Tia kitunguu saumu na tangawizi iliyobaki, hesabu mpaka thelathini, tia nyanya zilizokatwa na chumvi kidogo. Ziache zivunjike kabisa mpaka uone mafuta yanajitenga pembeni. Hapo tia binzari, koroga mara moja mbili. Nyanya zisizoiva vizuri zinaacha mchuzi mchachu.

11. Matumbo yaingie. Yatoe kwenye supu kwa kijiko chenye matundu, yakaange kwenye rojo dakika tano ili yashike viungo. Kisha mimina supu. Onja sasa, rekebisha chumvi iwe pungufu kidogo ya unavyotaka, kwa kuwa mchuzi utapungua.

12. Panga matoke. Mwaga maji ya beseni, suuza matoke, yapange juu ya matumbo yakilala. Karoti, pilipili hoho na ntula ziwekwe katikati yake. Mchuzi ufike theluthi mbili ya kimo cha matoke, usiyafunike. Yanayobaki juu yataiva kwa mvuke. Supu ikiwa chache, ongeza maji ya moto kutokea pembeni.

13. Funika kwa majani ya mgomba. Yapitishe juu ya makaa kwanza mpaka yalegee na kung'aa, la sivyo yanapasuka. Yakunje yashuke pembezoni ndani ya sufuria, halafu mfuniko juu yake. Jani linaziba mvuke kuliko mfuniko peke yake, na huku milimani kila mvuke unaotoroka ni dakika unazoongeza. Linaongeza na harufu ambayo siwezi kuieleza kwa maandishi, utaijua utakapofunua.

14. Usikoroge. Dakika 35 hadi 45, makaa ya wastani. Ukiona haja ya kuchanganya, shika masikio mawili ya sufuria kwa kitambaa, itikise mara mbili kushoto na kulia, uirudishe. Mwiko hauingii humu. Matoke yaliyokaribia kuiva yanavunjika kwa kuguswa tu, na wanga wake ukimwagika kwenye mchuzi unashuka chini na kuungua. Kijana mmoja jirani yangu alikuwa akikoroga kila dakika tano kwa hofu ya kuunguza, na kwa kukoroga kule ndiko alikoiunguza.

15. Angalia rangi. Matoke mabichi ni meupe ya maziwa. Yakiiva yanageuka njano. Kidole cha juu kabisa ndicho cha mwisho kuiva, kipime hicho. Uma ukizama bila sauti, epua. Acha sufuria ikiwa imefunikwa dakika tano, mchuzi utulie.

16. Pakua papo hapo. Matoke hayamngoji mtu. Yakipoa yanakaza na kuwa magumu, hata kama yalikuwa laini sufuriani. Watu wawe wamenawa na kukaa kabla hujafunua. Pembeni weka parachichi na dodo (mchicha) zilizochemshwa, au kachumbari kwa wasiopenda mafuta mengi. Chai ya maziwa yenye tangawizi, na katika baridi ya Julai hutaki kingine.

Usipokula matumbo

Kwa maharage, utaratibu ni ule ule: yaive kabisa kwanza. Loweka usiku kucha vikombe viwili, mwaga maji yale, chemsha kwa maji mapya, moto mkali dakika kumi za mwanzo, kisha polepole. Nyanya zisiingie kabla maharage hayajalainika. Uchachu wake unayafanya yabaki magumu, na hapa juu tayari yanachelewa. Maharage ya mwaka huu yanaiva vizuri. Yaliyokaa ghalani miaka miwili utachoma gunia la makaa bila faida.

Kwa njugu, tumia za kusaga zisizokaangwa, vikombe viwili. Kanda kwa maji vuguvugu mpaka ziwe kama uji mwepesi, zichemshe peke yake kwa moto mdogo dakika 20 bila kufunika maana hufurika ghafla, ndipo umimine juu ya matoke. Hii pekee ndiyo unaruhusiwa kuipitishia mwiko chini, taratibu, kwa sababu njugu hushika sufuria kuliko kitu chochote. Njugu zenye ukungu au harufu ya uvundo zitupwe, zina sumu isiyotoka kwa kupikwa.

Na matoke yakiadimika, mbatata za Kabale na Kisoro zinafaa sana. Punguza muda uwe dakika 25.

Ikienda vibaya

Matumbo ni mpira na matoke yameshaingia. Yatoe matoke yote sasa hivi kwa kijiko, hata kama yameiva nusu, yaweke kwenye bakuli lililofunikwa. Endelea kuchemsha matumbo mpaka kucha iingie, kisha rudisha matoke yamalizie. Hayatakuwa mazuri kama ya mara moja, lakini mtakula.

Mchuzi ni maji. Chukua vidole viwili vya matoke yaliyoiva, viponde kwenye bakuli kwa mchuzi kidogo, rudisha, tikisa sufuria, acha wazi dakika tano. Usitie unga wa ngano.

Mchuzi umekauka, matoke bado. Maji ya moto nusu kikombe kutokea pembeni, funika, punguza makaa.

Imeshika chini. Usikwangue, usikoroge. Hamisha vya juu kwenye sufuria nyingine, acha ukoko ulipo. Ukifanya haraka harufu ya moshi haipandi.

Matoke ni meusi. Yalikaa kwenye hewa, au uliacha kijani cha ganda. Ladha haijaharibika, kula tu. Kesho menyea ndani ya maji.

Ni chungu. Onja toke peke yake, kisha utumbo peke yake. Toke likiwa chungu, uliuziwa mbidde. Utumbo ukiwa mchungu, nyongo ilibaki. Vyote viwili havina dawa sufuriani.

Inanuka zizi. Hukumwaga maji ya kwanza, au kitabu hakikufunguliwa kurasa zote. Ndimu na dania nyingi juu zitapunguza kidogo.

Chumvi imezidi. Ongeza vidole vitatu vinne vya matoke mabichi na maji ya moto, vikiiva vitabeba sehemu yake. Kuna wanaotia sukari. Ukitia, utakuwa na katogo ya chumvi na sukari.

Kiporo. Kiweke friji kikishapoa, kisikae zaidi ya siku moja. Asubuhi tia maji ya moto robo kikombe, funika, moto mdogo sana, mpaka mchuzi uchemke kabisa hadi katikati. Matoke yatalainika tena, siyo kama jana, ila wanangu wanapendelea kiporo kuliko ile ya kwanza, na mara nyingi hukiwahi kabla yangu.